Uzi: Gitaa la umeme la kuchonga nyumbani, kwa mbao za Nyanda za Juu Kusini

Randa ya Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu ni wa wale wanaotamani kutengeneza gitaa la umeme kwa mikono yao, kwenye banda la uani, bila mashine za kiwandani. Nimeshachonga magitaa kadhaa hapa Uyole, mengine yako kwenye kwaya, mengine kwa vijana wa bendi mjini. Kuna jambo ninaloliamini kuliko yote, na nalisema mapema ili atakayebisha aanzie hapa: gitaa la umeme ni shingo. Mwili unaweza kuwa wa paini ya Mafinga. Pikapu, kile kinachonasa mlio wa nyuzi, unaweza kuagiza. Rangi ikikukataa unakwangua, unapaka upya. Lakini shingo ikipinda, au freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zikikaa pasipo pake, gitaa hilo halitamaliza wimbo mmoja likiwa kwenye tyuni, hata uliwekee vifaa vya bei gani.

Nasema hivi kwa sababu naona vijana wanamalizia nguvu zote kwenye umbo. Wanachora pembe, wanakata, wanapiga msasa mpaka mbao inang'aa, halafu shingo wanaifanya harakaharaka kwa sababu wamechoka na wana hamu ya kusikia mlio. Geuzeni. Mwili upeni siku zake chache, shingo ipeni wiki zake.

Basi tuanze na mwili, tuumalize.

Unahitaji ubao wenye unene wa milimita 45, upana wa sentimita 33 na urefu wa sentimita 42 hivi. Ubao mmoja mpana kiasi hicho ni nadra, kwa hiyo unaunga vipande viwili au vitatu kwa gundi nyeupe ya mbao. Nyoosha kingo kwa randa ndefu mpaka ukizisimamisha pamoja mbele ya taa usione mwanga ukipenya katikati. Pakaa gundi, bana kwa klampu, acha ilale. Mshono uliokaa vizuri hauachii. Ukilazimisha, mbao ndiyo itakayopasuka pembeni yake.

Wengi hudharau paini kwa kuwa wanaijua kwenye kenchi. Wakumbuke kwamba gitaa la majaribio la Leo Fender la mwaka 1949, lile lililozaa Telecaster, mwili wake ulikuwa wa paini. Les Paul naye, mpiga gitaa wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alichukua kipande cha paini cha inchi 4 kwa 4, akakifunga shingo, nyuzi na pikapu, kisha akakibandika mabawa ya gitaa la kawaida pembeni ili watu walione kama gitaa. Paini ya Sao Hill, shamba la miti la huko Mafinga, ikikauka sawasawa ni nyepesi, inachongeka kirahisi, na bega halichoki kwenye ibada ya saa nne. Mwili wa mninga utapendeza macho, lakini utauhisi shingoni na mgongoni kabla ya mahubiri kuisha.

Onyo moja la kushika: msitumie zile mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani. Dawa inayotumika mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki, na ukipiga msasa unavuta vumbi lake kifuani.

Seremala wa Mafinga

Mkuu, hapo kwenye "ikikauka sawasawa" ndipo penye kesi. Mbao nyingi zinazopangwa barabarani zimepasuliwa juzi, ukiigusa unaona ubaridi wa maji. Fundi akiichonga hivyo, baada ya miezi mitatu mwili umejikunja na mshono umefunguka, halafu anailaumu paini.

Nashauri hivi. Nunua ubao mnene kuliko unaouhitaji. Epuka wenye kiini katikati, huo utapasuka tu, na epuka wenye mifuko ya utomvu kwa sababu utomvu hausikii rangi. Panga ndani ya nyumba, mahali pasipo jua, weka vijiti vya unene sawa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na ncha zake pakaa rangi nzito ili maji yasitoke haraka kwa huko. Kisha pima uzito kwa mizani, uandike kwa penseli hapohapo kwenye ubao, na tarehe. Rudi baada ya wiki mbili, pima tena. Uzito ukiacha kushuka, ubao umetulia. Hakuna haja ya kifaa cha gharama.

Na aliyekausha Agosti ajue kwamba Januari, mvua zikikolea, mbao hiyohiyo itakunywa unyevu na kutanuka kwa upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Upana ndio unaocheza.

Randa ya Uyole

Asante fundi, umesema kwa niaba yangu. Nyongeza yangu ni moja: ukishakata umbo la mwili na shingo kwa ukubwa wa kukisia, usimalizie siku hiyo. Kata, acha zipumzike, ndipo uchonge vipimo vya mwisho. Mbao ikiondolewa nyama upande mmoja hujinyoosha au kujikunja kidogo, afadhali ifanye hivyo kabla hujaitia freti.

Nimepita Tu

Samahani wakuu, mimi swali langu ni la kawaida. Si mtu ununue tu gitaa la Kichina dukani, uanze kupiga? Muda wote huu wa nini?

Randa ya Uyole

Ndugu, kama haja yako ni kupiga tu, nunua, upige, na Mungu akubariki. Gitaa la kuchonga halitakutoka kwa bei ndogo kuliko lile la dukani ukihesabu jasho lako.

Lakini tazama makanisani kwetu, kuanzia Mbalizi hadi Makambako. Yamejaa magitaa ambayo freti zimelika, shingo zimepinda, nati ya kichwani inayoshika nyuzi imepasuka, na yamesimamishwa nyuma ya spika kwa sababu hakuna wa kuyatengeneza. Hayakuharibika, yamekosa fundi. Aliyewahi kuchonga shingo moja kuanzia ubao mbichi anaweza kuyafufua yote hayo. Kwangu hiyo ni sababu tosha.

Tena kuna mfano mnaoufahamu wengi. Brian May wa bendi ya Queen alianza kutengeneza gitaa lake nyumbani mwaka 1963, akiwa kijana wa shule, yeye na baba yake. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao nzee ya mahali pa kuotea moto. Springi za kutingishia nyuzi zilikuwa springi za vali za pikipiki. Alama za ubao wa vidole zilikuwa vifungo vya nguo. Kazi iliwachukua karibu miaka miwili, na gitaa hilo ndilo alilopiga jukwaani na kwenye rekodi nyuma ya Freddie Mercury, mzaliwa wetu wa Zanzibar. Hawakuwa na karakana kuliko uliyo nayo wewe.

Randa ya Uyole

Naendelea. SHINGO.

Mbao ninayoipenda ni mninga. Mafundi wa milango na makabati wanajua kwamba mninga ukikauka hausumbui, haunywi unyevu na kutanuka ovyo. Mkangazi nao unafaa. Chagua kipande kilichonyooka nyuzinyuzi zake kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikikatiza kwa mshazari karibu na kichwa, hapo ndipo gitaa litakapovunjika siku likianguka. Ukitazama ncha ya ubao, mistari ya umri wa mti isimame wima kama iwezekanavyo. Vaa barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua na ngozi, kuna watu linawabana kifua kabisa.

Ndani ya shingo lazima kuwe na chuma cha kurekebishia mpindo. Nyuzi sita za kawaida, zile za unene wa 10 hadi 46 (sehemu za elfu za inchi), zikitiwa tyuni huivuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 46, karibu sawa na kuning'iniza mfuko wa saruji, na zinavuta usiku na mchana. Mbao peke yake itasalimu amri. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea: vyuma viwili vya duara vya milimita 5, kimoja juu ya kingine, vimechomelewa pamoja upande mmoja. Upande wa pili kile cha chini kinachongwa uzi wa skrubu, kinapita kwenye kipande kilichochomelewa kwenye cha juu, na nati ya chuma inakazwa hapo. Chenye uzi kikae chini, upande wa mgongo wa shingo. Ukikaza nati, chuma hicho kinataka kufupika na kuirudisha shingo nyuma dhidi ya nyuzi. Kizungushie utepe ili kisigongegonge ndani. Mfereji wake uwe katikati kabisa, mwembamba kiasi cha chuma kuingia kwa kubana kidogo. Asiye na ruta, mashine ya kuchimbia mifereji, atumie patasi ya milimita 6 na subira.

Juu yake unagundisha ubao wa vidole, unene milimita 6. Hapa ndipo mpingo unapokuwa mfalme. Ni mzito mpaka unazama majini, hauliwi na nyuzi upesi, na ukiusugua kwa msasa laini unatoa weusi wake wenyewe bila rangi. Dunia nzima inautafuta kwa klarineti na obo. Sisi tunahitaji kipande kidogo tu, sentimita 50 kwa 6, na ukikosa kirefu kisicho na ufa, mkongo au mninga mgumu vitakufaa. Kumbuka mpingo unafubaza meno ya msumeno upesi sana, noa kabla na noa katikati.

Sasa freti. Amua kwanza urefu wa uzi unaolia, yaani kutoka nati ya mfupa kule kichwani hadi kwenye briji, pale nyuzi zinapolalia mwilini. Magitaa ya Fender hutumia milimita 648, ya Gibson huwa kama 628. Mimi natumia 648. Gawanya 648 kwa 17.817, unapata 36.37. Hapo ndipo freti ya kwanza. Toa kwenye 648, inabaki 611.63. Gawanya tena kwa 17.817, unapata 34.33, ongeza kwenye 36.37: freti ya pili iko milimita 70.70 kutoka kwenye nati. Endelea hivyo mpaka freti ya 22, itaangukia kwenye 466.2. Kipimo cha kujihakiki ni freti ya 12: lazima iwe nusu kamili, 324. Isipokuwa 324, kuna mahali hesabu imeteleza, rudi nyuma.

Na jambo hili lizingatiwe sana: kila freti ipimwe kutoka kwenye nati, rula ikiwa imelala palepale. Ukipima kutoka freti moja kwenda inayofuata, makosa madogo yanajumlishana, na ukifika ya 15 umeshapotea. Chora kwa ncha ya kisu, siyo penseli. Penseli ina unene wake.

Mwalimu wa Kwaya, Njombe

Kaka, asante kwa somo. Nafundisha kwaya na nataka kuwaeleza vijana wangu hiyo 17.817 imetoka wapi, wasiikariri tu.

Randa ya Uyole

Dada mwalimu, swali zuri sana. Uzi ukiukata nusu, sauti inapanda oktavi moja, yaani mitetemo inakuwa maradufu. A ya wazi, uzi wa tano, inatetema mara 110 kwa sekunde. Ukiibana freti ya 12 inakuwa 220. Kati ya hizo mbili tuna hatua 12, na tunataka kila hatua ipande kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo tunatafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara 12 unapata 2. Namba hiyo ni 1.05946. Kila freti uzi unabaki na urefu uliogawanywa kwa 1.05946, na kipande kinachokatwa ni sehemu moja ya 17.817 ya uzi uliokuwepo. Ndiyo maana freti zinakaribiana kadiri unavyokwenda chini: kila mara unakata kwenye uzi ambao umeshafupika.

Waambie vijana wapige kengele ya freti ya 12, wakigusa uzi bila kuukandamiza, halafu waubane palepale. Sauti zikilingana, hesabu wanaisikia kwa masikio.

Mwana Soweto

Mkuu, msumeno wa kukatia mifereji ya freti unaupata wapi? Waya wa freti una mguu mwembamba, na misumeno ya huku mikato yake ni mipana.

Randa ya Uyole

Umegusa pagumu. Mfereji unatakiwa uwe na upana wa kama milimita 0.6. Chukua msumeno wa chuma wa kawaida, bladi yake yenyewe ina unene wa karibu hapo, kinachoupanua mkato ni meno yaliyopindishwa huku na huku. Yalaze meno hayo juu ya jiwe la kunolea, pande zote mbili, taratibu, ukijaribu kwenye kipande cha mpingo mpaka waya uingie kwa kugongwa kwa nyundo ya plastiki bila kuyumba. Mfereji ukilegea, freti itainuka siku ya jua. Ukibana mno, shingo yote inarudi nyuma, kwa sababu freti 22 kila moja inasukuma kidogo.

Waya wenyewe agiza. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na safu moja haina bei ya kutisha. Nimeona watu wakitumia fito za kuchomelea za shaba. Zinalia, lakini zinalika upesi na hazina mguu wa kushika kwenye mbao.

Ukishagonga zote, chukua bapa la alumini au kioo kinene kilichobandikwa msasa, lipitishe juu ya freti zote kwa pamoja. Kabla ya hapo zipake kalamu ya wino juu. Pale wino unapobaki, freti iko chini ya wenzake. Endelea mpaka wino ufutike kwenye zote, kisha uzirudishie mviringo moja moja kwa tupa ndogo. Kazi hii usiifanye usiku wala ukiwa na haraka. Nawe utajua umefika utakapoweka rula fupi juu ya freti tatu tatu, kuanzia juu hadi chini, isichezecheze popote.

Solo la Zamani, Iringa

Vijana wangu, nasoma huku nafurahi. Zama za dansi hapa Iringa tulikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, na vyombo vilikuwa vya kiwanda, siyo vya mpigaji. Ukivunja kitu ulisubiri. Nyuzi tulikuwa tunazichemsha ili zirudishe ukali wake, maana mpya hazikupatikana.

Nina ombi moja kwa mnaochonga. Solo la dansi linapigwa chini kule, freti ya 10 hadi ya 17, vidole vinakaa huko wimbo mzima. Mkisikiliza Mbaraka Mwinshehe mtanielewa. Magitaa mengi ya bei nafuu yana kisigino kinene pale shingo inapoingia mwilini, mkono unagota. Chongeni pale. Halafu sauti yetu ni safi na kali, inatoka kwenye pikapu ya karibu na briji, haitaki mnguruno.

Randa ya Uyole

Shikamoo mzee wangu. Hilo nalichukua kama lilivyo. Kwa wenzangu: mfuko wa shingo mwilini una kina cha milimita 16, na unabakiwa na mbao ya kama milimita 29 chini yake. Kona ya upande wa nyuzi nyembamba, kule nyuma, unaweza kuichonga kwa mshazari bila kugusa skrubu nne zinazofunga shingo. Skrubu ya kona hiyo isogeze ndani kidogo. Mkono unapita, na shingo haikosi mshiko.

Mlinzi wa Msitu

Ndugu zangu mnataja mninga na mpingo kwa wepesi sana. Hiyo miti ina sheria.

Randa ya Uyole

Kweli kabisa, na nashukuru umelileta. Nunueni kwa muuza mbao mwenye risiti na hati za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Gogo la mninga linalouzwa usiku nyuma ya nyumba liacheni, hata likiwa zuri vipi. Kuhusu kuvuka mpaka, jamii yote ya mpingo iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2017. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikalegezewa masharti mwaka 2019. Mninga na mkongo wa Afrika nao wakakubaliwa kuingizwa mwaka 2022. Kwa gitaa moja la kupigia kwaya hapa nyumbani, mimi mara nyingi natumia vipande vinavyobaki kwa mafundi fenicha. Kipande cha mguu wa kitanda kilichokataliwa kinatoa ubao wa vidole safi kabisa.

Lehemu wa Tunduma

Naona mbao zimepata haki yake. Niruhusuni mimi fundi redio niseme ya umeme.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku, unaitikisa nguvu ya sumaku, na waya unatoa umeme mdogo unaofuata mtetemo huo. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu, milimita 0.063, na pikapu ya koili moja hubeba mizunguko kama 8,000. Wale mafundi wa kuwaindi mota hawana waya huo, wa kwao ni mnene mara nyingi zaidi. Ukiupata, funga bobini kwenye mota ya cherehani inayokwenda polepole, shika waya kwa vidole vyenye kitambaa laini, usiukaze. Kuhesabu ni rahisi: chukua kikokotoo cha bei ndogo, kifungue, unganisha swichi ya sumaku kwenye kitufe cha sawasawa, bonyeza 1 jumlisha 1. Sumaku ndogo kwenye mhimili ikipita, kikokotoo kinaongeza moja.

Sumaku za spika mbovu, zile nyeusi, zinafaa. Za ndani ya hadi diski za kompyuta msizitumie, zina nguvu kupita kiasi, zinazivuta nyuzi mpaka noti inayumba. Mwisho chovya pikapu kwenye nta: mishumaa iliyoyeyushwa pamoja na nta kidogo ya nyuki. Yeyusha kwenye sufuria iliyo ndani ya maji ya moto, kamwe siyo juu ya moto wenyewe, nta inashika moto. Bila nta, waya unatikisika, na ukiongeza sauti pikapu inapiga mluzi.

Kuhusu mvumo: koili moja inadaka ule wa hezi 50 wa umeme wa ukutani, hasa karibu na taa za tyubu na transfoma. Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 alilitatua kwa koili mbili zilizogeuzwa uelekeo na sumaku zilizogeuzwa pia; mvumo unajifuta, mlio wa uzi unajumlishana. Asiyetaka koili mbili abandike karatasi ya shaba au alumini kwenye shimo lote la nyaya, aiunganishe na ethi.

Vidhibiti vya volyumu, yaani poti, viwe vya kilo-omu 250 kwa koili moja, 500 kwa koili mbili. Kijana mmoja aliniletea gitaa lake halina ukali wowote, kumbe aliweka poti ya kilo-omu 10 aliyoitoa kwenye redio. Ukali wote ulikuwa unamwagikia humo. Tulibadilisha poti tu.

Na waya mmoja utoke kwenye briji uende ethi. Sambamba na hilo, amplifaya iwe na ethi ya kweli ukutani, pini tatu. Mpiga gitaa anayegusa nyuzi na maikrofoni kwa wakati mmoja, ethi ikiwa haipo, anaweza kupigwa na umeme. Hili siyo la kufanyia mzaha.

Mwana Soweto

Nimeweka kambi hapa. Mkuu Randa, malizia na kuliseti.

Randa ya Uyole

Nati naichonga kwenye mfupa wa mguu wa ng'ombe. Nenda buchani, omba kipande kinene, chemsha kutoa mafuta, kikauke siku nyingi, kisha kata. Mfupa ukiusugua kwa msasa wa mwisho unateleza kama lazima uteleze, uzi haunati kwenye mfereji ukitia tyuni. Upana wake milimita 42 au 43. Mfereji wa kila uzi uwe na kina cha nusu ya uzi wenyewe tu, na uteremke kuelekea kichwani, ili uzi uguse mbele kabisa.

Funga nyuzi, tia tyuni, acha gitaa lilale usiku mmoja. Asubuhi bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, tazama katikati, freti ya 7. Pawe na mwanya wa milimita 0.2 hadi 0.3. Ukizidi, kaza chuma robo mzunguko, subiri, pima tena. Kisha urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: mwembamba milimita 1.6, mnene 2. Wapiga rithimu wenye mkono mzito wapandishe kidogo.

Halafu briji. Kila uzi, linganisha kengele ya freti ya 12 na noti ya kubana palepale. Ya kubana ikiwa juu, sogeza kitako cha uzi, pale unapolalia kwenye briji, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, sogeza mbele. Ndiyo maana briji haikai milimita 648 kamili kwa nyuzi zote. Mnene hurudi nyuma milimita kadhaa zaidi. Wakati wa kutoboa matundu ya briji hakikisheni vitako vina nafasi ya kurudi, vinginevyo hutatyuni kamwe.

Rangi sitaisemea sana. Sendi sila ya kuzibia mbao, msasa, vanishi ya kupuliza nje upepo usipovuma, ubao wa vidole wa mpingo uachwe bila vanishi, mafuta kidogo tu. Nyuma ya shingo naacha mbao karibu uchi, mkono unateleza vizuri hasa miezi hii ya baridi.

Mwalimu wa Kwaya, Njombe

Kaka, la mwisho. Kwaya yetu inahitaji besi kuliko solo. Hesabu ni ileile?

Randa ya Uyole

Ileile dada, unabadilisha namba ya kuanzia tu. Besi ya kawaida ni inchi 34, yaani milimita 864. Gawanya kwa 17.817: freti ya kwanza iko 48.5, ya 12 iko 432. Lakini nyuzi nne za besi zinavuta kuliko sita za gitaa, kwa hiyo shingo isiwe kipande kimoja. Gundisha vipande vitatu kwa ubavu, mninga, mkangazi, mninga, na cha katikati ukigeuze ili mistari yake ielekee upande wa pili. Kimoja kikitaka kupinda, wenzake wanakizuia. Chuma cha ndani kiwe cha milimita 6. Mwili wa paini ubaki, ila pembe ya juu irefushe ifike usawa wa freti ya 12, la sivyo kichwa kitaanguka chini kila ukiachia mkono.

Nina kiolezo cha shingo ya besi kwenye plaiwudi. Kuna mabasi ya Njombe kila asubuhi, niandikie faragha nikifungie kwenye boksi.